Mistari miwili myeupe kwenye bendera ya Kenya: iliingiaje na ni ya nani?

FundiWaKibuye (Kisumu)

Wanajukwaa, naomba tuijadili bendera yetu ya taifa, na nianze na sehemu ambayo wengi huiruka: ile mistari miwili myembamba myeupe.

Mtoto wa shule ya msingi ukimuuliza rangi za bendera atakujibu bila kusita. Nyeusi ni wananchi wa Kenya, nyekundu ni damu iliyomwagika tukipigania uhuru, kijani ni ardhi na utajiri wake, nyeupe ni amani. Mwalimu atampa alama zote. Kinachonikera ni kwamba jibu hilo linafanya ionekane kana kwamba kuna mtu aliketi siku moja akachagua rangi nne na maana zake nne, mambo yakaisha. Haikuwa hivyo. Bendera hii ilijengwa kidogo kidogo kwa miaka kumi na miwili hivi, na mistari myeupe ndiyo iliyoingia mwisho, tena kwa sababu ya siasa ambayo watu wa Magharibi na Bonde la Ufa walikuwa katikati yake.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kibuye. Kila ikikaribia Madaraka au Jamhuri naletewa oda za bendera, za shule, za makanisa, za ofisi za machifu. Nilianza kusoma historia yake kwa sababu ya maswali ya wateja, na nilivyoendelea kusoma ndivyo nilivyoona tunawanyima watoto wetu sehemu nzuri zaidi ya hadithi.

Kwanza iliyokuwepo. Bendera ya Koloni la Kenya ilikuwa ya buluu, na bendera ya Uingereza kwenye kona ya juu upande wa mlingoti, halafu simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma. Hiyo ndiyo iliyoshushwa usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963. Na sisi wa huku tuna jambo la ziada la kukumbuka: Kisumu, Nakuru, hadi Naivasha zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka Aprili 1902. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa 1901, wakati mji unaitwa Port Florence, ilifika kwenye ardhi iliyohesabiwa kuwa ya Uganda. Mpaka ukahamishwa kwa kalamu ya wakubwa wa London. Hakuna mzee wa Kano, wa Nandi wala wa Wanga aliyeulizwa anataka kukaa chini ya bendera gani.

Bendera ya kwanza ambayo Waafrika wa nchi hii walijitengenezea kwa ajili ya nchi nzima ni ya chama cha KAU, Septemba 1951. Ilikuwa nyeusi na nyekundu tu, na ngao nyeupe katikati. Mwaka uliofuata ikaongezwa kijani, na katikati pakawa na ngao, mkuki na mshale.

Tarehe 26 Julai 1952 KAU ilifanya mkutano mkubwa Nyeri, na Jomo Kenyatta akawaeleza watu maana ya bendera hiyo. Maneno yake yametufikia kupitia ripoti ya serikali ya kikoloni iliyochapishwa 1960, kwa hiyo yamepita kwanza mikononi mwa waliomfunga, lakini hoja yake inaonekana wazi. Nyeusi, alisema, ni kuonyesha kwamba hii ni ya watu weusi. Nyekundu ni kuonyesha kwamba damu ya Mwafrika ina rangi moja na damu ya Mzungu. Kijani ni kwamba Mungu alipotupa nchi hii ilikuwa ya kijani, yenye rutuba na nzuri. Kisha akawaambia watazame: kijani kiko chini ya nyekundu, kimekandamizwa. Umati ukalipuka kwa shangwe.

Sasa itazameni hiyo nyekundu. Mwaka 1952 haikuwa damu iliyomwagika. Ilikuwa hoja ya usawa: mkikatwa wote wawili, damu ni ile ile. Miezi mitatu haikuisha, 20 Oktoba, hali ya hatari ikatangazwa. Kenyatta na wenzake watano wakapelekwa Kapenguria kushtakiwa, mmoja wao akiwa Achieng Oneko, mtu wa Nyanza ambaye mwaka 1963 watu wa mji wa Nakuru walimchagua kuwa mbunge wao, akawa waziri wa habari. KAU ikapigwa marufuku 1953. Kufikia uhuru maelfu walikuwa wameuawa msituni, kambini na kwenye kamba ya kunyongea, na nyekundu ile ile ilikuwa imebeba maana nyingine bila mtu yeyote kubadilisha kitambaa. Mimi naona watoto wanastahili kufundishwa maana zote mbili, kwa sababu ile ya kwanza ndiyo iliyowatia watu ujasiri hata wakaifikia ya pili.

Tuje kwenye weupe. Mwaka 1960 vyama viwili vikubwa viliundwa. KANU ilikuwa na Kenyatta (akiwa bado kizuizini), Jaramogi Oginga Odinga na Tom Mboya, na ilirithi nyeusi, nyekundu na kijani za KAU. KADU iliundwa Ngong na viongozi waliohofia kwamba makabila makubwa yatayameza madogo: Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa huku kwetu Magharibi, Daniel arap Moi wa Baringo. Hao ndio waliodai majimbo, yaani mikoa yenye mamlaka yake yenyewe. Bendera yao ilikuwa nyeusi, nyeupe na kijani.

Uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda. Ilikuwa na nguvu ya kuichukua bendera yake ya chama kama ilivyo na kusema, haya, hii ndiyo ya taifa. Muliro na Ngala na wafuasi wao wangeamka siku ya uhuru wakiwa chini ya bendera ya waliowashinda. Badala yake rangi ile ya KADU ikaingizwa mara mbili, kati ya nyeusi na nyekundu, na kati ya nyekundu na kijani. Katikati ikawekwa ngao ya Kimaasai na mikuki miwili iliyopishana.

Mimi nasema mistari hiyo ni ya walioshindwa. Ni nafasi waliyoachiwa na walioshinda. Amani ni matokeo yake, lakini mwanzo wake ulikuwa mtu mwenye kura nyingi kukubali kumwachia mwenzake nafasi kwenye kitambaa kimoja. Na wa huku kwetu walikuwa pande zote mbili za meza hiyo, Mboya na Jaramogi upande mmoja, Muliro upande wa pili.

Naandika haya kwa sababu nyingine pia, ya kifundi. Katiba ya 2010, kifungu cha 9, inaitaja bendera kuwa alama ya taifa, na Jedwali la Pili linaonyesha mchoro na vipimo vyake. Kwenda chini uwiano ni 6, 1, 6, 1, 6. Yaani kila mstari mweupe ni sehemu moja, kila rangi kubwa ni sehemu sita, jumla 20. Bendera zinazouzwa barabarani siku hizi nyingi zimechapishwa kiwandani na weupe umekuwa kama uzi. Nyingine hauna kabisa, nyekundu imegusana na kijani. Mteja akiniambia "hiyo nyeupe si neno, punguza upate kitambaa", namkatalia. Ukiitoa, ulichobaki nacho ni bendera ya chama.

Karibuni tuchangie.

---

MzeeWaNjoro (Nakuru)

Fundi, nimekusoma mpaka mwisho na nakushukuru kwa kazi hii. Mwaka 1963 nilikuwa kijana wa shule, na wazungu wa mashamba ya huku Njoro walikuwa wanauza wanaondoka. Tulipandisha bendera mpya asubuhi, mwalimu akatueleza rangi, na nyeupe akasema ni amani na umoja. KADU hakuitaja.

Naomba usinielewe vibaya. Historia yako sina ubishi nayo, hao viongozi nilikuwa nawasikia redioni. Ila sisi wa Nakuru tumeona mambo. 1992 Molo iliungua. Januari 2008 mji huu ulijaa watu waliokimbia makwao, wamelala uwanjani na kwenye makanisa, na walioumizana walikuwa majirani. Ukiniambia mstari ule ni wa chama fulani, nasikia mlango wa zamani unafunguliwa tena. KADU ilijivunja yenyewe Novemba 1964 ikaingia KANU. Kwangu mimi niliyezika watu, nyeupe ni amani, na inatosha. Mfundishe mtoto hivyo hivyo.

---

MwanaLurambi (Kakamega)

Salamu kwenu wote. Mzee wa Njoro, heshima zako nazihifadhi.

Mimi ninalo la nyekundu. Fundi ameandika damu ya msituni, na ni kweli, lakini tunapofundishwa shuleni nyekundu huishia Mlima Kenya na Aberdare. Huku kwetu damu ilianza kumwagika zamani. Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia kwenye ngome ya Chetambe, pale juu ya Webuye, wakapigwa kwa bunduki za kikoloni, wakafa wengi. Mlima uko pale, ukienda Webuye unauona kutoka barabarani, na wanafunzi wengi wanaopita chini yake hawaambiwi. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei wa Wanandi aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen, baada ya Wanandi kuizuia reli na serikali kwa miaka zaidi ya kumi. Februari 1948, Malakisi, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde. Watu wale walikuwa wanadai ardhi yao na Mungu wao.

Hiyo yote ni kabla ya 1952. Kwa hiyo Kenyatta aliposimama Nyeri akasema damu zetu ni za rangi moja, huku kwetu tayari kulikuwa na damu ardhini. Naomba atakayeandika vitabu vya shule aiweke Chetambe kwenye sura ya bendera. Si kwenye sura ya "upinzani wa mwanzo" ambayo mwalimu huikimbia ili awahi mtihani.

---

FundiWaKibuye (Kisumu)

MwanaLurambi, umenipa kitu. Nakubaliana nawe asilimia mia, na Malakisi ilistahili kuwa kwenye andiko langu la kwanza.

Mzee wangu wa Njoro, nakuheshimu sana na msiba wenu haupunguzwi na hoja yangu. Lakini nisikilize kidogo. Ukimwambia mtoto "nyeupe ni amani", anasikia amani kama jambo lililoshuka lenyewe, kama mvua. Haoni kazi iliyofanyika. Ukimwambia kwamba kulikuwa na watu wawili wanagombania nchi, mmoja akashinda, na aliyeshinda akaweka rangi ya mwenzake katikati ya rangi zake, mtoto huyo anajua amani hutengenezwa namna gani, na nani anapaswa kuanza. Anayepaswa kuanza ni mwenye nguvu. Hilo ndilo lililokosekana 1992 na 2008.

Na kuhusu KADU kujivunja: chama kilikufa 1964 lakini mistari haikutolewa. KANU ikatawala miaka 39, mingine ikiwa chama pekee kisheria, kuanzia 1982 hadi Desemba 1991. Wakati huo wote ingeweza kuirudisha bendera kwenye rangi zake tatu. Haikufanya. Kisha 2002 KANU nayo ikashindwa, na bendera ikabaki. Malawi walibadilisha yao 2010, wakairudisha ile ya zamani 2012. Yetu haijaguswa tangu ile siku Kisoi Munyao alipoipandisha kileleni Mlima Kenya.

---

NyarRusinga (Homa Bay)

Mnaongea vizuri, lakini mimi nimekua nikipita karibu na kaburi la Tom Mboya pale Rusinga, kwa hiyo naomba niseme lililo moyoni.

Mboya alikuwa katibu mkuu wa KANU na waziri wa sheria na mambo ya katiba mwaka ule 1963. Alikuwa ndani ya baraza la mawaziri lililoipokea bendera hii. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, akiwa na miaka 38. Oktoba 25 mwaka huo huo rais alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya ya Nyanza, kukatokea fujo, walinzi wakafyatua risasi kwenye umati, wakafa watu, watoto miongoni mwao. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi baada ya kutoka KANU, kikapigwa marufuku, naye Jaramogi akawekwa kizuizini. Oneko uliyemtaja wewe Fundi, yule yule wa Kapenguria, akafungwa mara ya pili, safari hii na serikali yenye bendera aliyoipigania.

Kwa hiyo ukisema mwenye nguvu aliacha nafasi kwa aliyeshindwa, mimi nauliza: iliachwa kwenye kitambaa tu? Bibi yangu alikuwa haitundiki bendera Jamhuri Dei. Hakuwa anaichukia Kenya. Alikuwa anasema nyekundu anayoiona yeye si ya 1952.

Nimeshukuru kwamba 2021 Madaraka ililetwa Kisumu na 2025 ikaletwa Homa Bay kwetu. Niliiona bendera ikipandishwa mbele ya watu wetu, wazee wakasimama. Lakini hilo swali bado ninalo.

---

MvuviWaMusoma

Jamani majirani, natoa salamu kutoka ng'ambo ya pili ya ziwa. Nimevutwa na hii habari ya mistari myembamba kwa sababu na sisi tunayo.

Bendera ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi, kijani. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, bendera ya nchi ikawa ile ile, wakaongeza mistari myembamba ya njano kuonyesha madini. Kwetu hakukuwa na chama cha pili chenye nguvu ya kudai rangi yake, kwa hiyo mistari ilikuja kwa ajili ya utajiri wa nchi. Kazi ya kuachiana nafasi tuliifanya baadaye, 1964, tulipoungana na Zanzibar: buluu yao ikaingia, na mistari ikalazwa mshazari ili pasiwe na wa juu na wa chini kabisa. Mimi binafsi naona ule mshazari ndio ujanja mkubwa.

Fundi, swali: kwa nini ngao ya Kimaasai? Huko kwenu hakuna ngao nyingine?

---

FundiWaKibuye (Kisumu)

MvuviWaMusoma, asante sana, hiyo ya mshazari sikuwahi kuifikiria hivyo.

Ngao zipo nyingi. Wajaluo tuna yetu, kuot, Wakalenjin wana yao, Wakikuyu wana yao. Ya Kimaasai ni ya ngozi ya nyati, ndefu, inachorwa kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na michoro hiyo huwa inaonyesha rika na ukoo wa mwenye ngao. Kwa hiyo tayari ilikuwa na rangi tatu kati ya nne za bendera. Ukishona unaliona hilo haraka: ngao ina wekundu katikati, weusi kando zote mbili na mapambo meupe, na inakaa juu ya mstari mwekundu bila kupotea kwa sababu weusi unaikata. Mikuki ni myeupe, ncha zinatazama juu. Na Wamaasai hawakuwa miongoni mwa makabila makubwa kwa hesabu ya watu. Walioketi upande wa KADU walikuwemo wao pia. Napenda kwamba alama ya katikati haikutoka kwa kabila lililoshika serikali.

NyarRusinga, dada yangu, swali lako silijibu kwa haraka maana mimi pia ni mtoto wa Kisumu na hospitali ile naipita. Nitasema ninaloamini. Nafasi iliachwa kwenye kitambaa, kisha waliokuwa madarakani wakashindwa kuiacha kwenye nchi. Bibi yako alikuwa na haki yote. Lakini bendera ikiandikwa hivyo inakuwa ushahidi dhidi yao. Kila walipoipandisha, ile mistari ilikuwa inasema walichoahidi. Ndiyo maana mimi siwezi kukubali ipunguzwe hata kwa nusu inchi.

---

Kijana_Bondeni (Nakuru)

Wakubwa, nimejifunza leo kuliko miaka minne ya sekondari.

Niseme ya kizazi chetu. Sisi wengi hatukuwa na habari na bendera. Ilikuwa kitu cha Jumatatu na Ijumaa paredi, skauti wanapandisha, wewe unafikiria chai. Juni 2024 kukabadilika. Tulipotoka barabarani hapa Nakuru kuupinga Mswada wa Fedha, na wenzetu Kisumu, Kakamega, Eldoret, Nairobi, hakuna aliyebeba bendera ya chama. Ilikuwa ya taifa peke yake. Watu walijifunga mabegani, wengine kichwani. Niliona msichana mmoja pale Kenyatta Avenue amekaa kwenye ukingo wa barabara anasuuza macho ya mwenzake kwa maji baada ya moshi, halafu akaikunja bendera yake vizuri kabla ya kuinuka, pindo kwa pindo, hakutaka iguse chini. Hakufundishwa na mtu hilo. Walikufa vijana wengi siku zile, na majeneza yao mengi yalifunikwa bendera hiyo hiyo.

Kwa hiyo NyarRusinga, nyekundu ya bibi yako na sisi tumeiona.

Nina swali la sheria. Nauza bangili za shanga zenye rangi za bendera. Kuna afisa aliniambia ni kosa. Ni kweli? Na mbona wakubwa wanaipeperusha kwenye magari?

---

MwanaLurambi (Kakamega)

Kijana, nikusaidie kidogo maana nimewahi kufanya kazi kwa wakili. Sheria inaitwa Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99. Inakataza kuitumia bendera ya taifa kwa biashara au kazi ya kujipatia faida bila idhini ya maandishi ya waziri, na inakataza kuidharau. Ilitungwa kuzuia mtu asifanye bendera kuwa nembo ya kampuni yake. Rangi zenyewe, nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, si mali ya mtu. Ila ukiweka na ngao na mikuki, ukatengeneza bendera kamili ya kuuza, tafuta idhini uwe salama.

Magari: sheria ilirekebishwa 2014 baada ya magavana kupeperusha bendera kila mmoja na gari lake. Walioruhusiwa wakabaki Rais, Naibu wa Rais, Jaji Mkuu na maspika wa Bunge la Taifa na Seneti.

---

MzeeWaNjoro (Nakuru)

Nimerudi kusoma. Fundi, umesema mwenye nguvu ndiye anayepaswa kuanza. Nimelifikiria hilo neno tangu jana. Nitakubali lifundishwe, mradi mwalimu amalizie kwa kueleza kwamba KADU waliipokea ile nafasi na wakasimama chini ya bendera ile pamoja na wenzao. Muliro alikubali. Ngala alikubali. Kupokea nako ni kazi, hasa ukiwa umeshindwa. Usiwape sifa zote walioshinda.

Na kuna moja hamjaitaja. Sudan Kusini bendera yao imefanana na yetu mno: nyeusi, nyekundu, kijani, mistari myeupe, wakaongeza pembetatu ya buluu na nyota. Ilikuwa bendera ya wapiganaji wao, na mazungumzo yaliyoukamilisha mkataba wao wa amani na serikali ya Sudan yalifanyika Naivasha, kaunti yetu hii ya Nakuru, kabla haujatiwa sahihi Nairobi Januari 2005. Nilikuwa nikiwaona wajumbe wao wakipita barabarani.

---

FundiWaKibuye (Kisumu)

Mzee wangu, hapo umenishinda na nimefurahi. Kupokea ni nusu ya kazi, na Muliro anastahili hiyo nusu. Madaraka ya 2024 ilifanyika Bungoma kwenye uwanja wenye jina lake, na sidhani wengi waliokuwa pale walijua kwamba kwenye mlingoti ule kuna rangi aliyoipigania.

---

MwalimuVihiga

Fundi, shule yetu bendera imechanika upepo na mvua. Tuna kitambaa na cherehani, wazazi wako tayari. Nipe vipimo vya sentimita 60 kwa 90 tushone wenyewe, na wanafunzi washiriki.

---

FundiWaKibuye (Kisumu)

Mwalimu, hiyo ni saizi rahisi kabisa, hesabu zinatoka kamili. Upana wa 60 ukigawa kwa 20 unapata 3. Kila mstari mweupe ni sentimita 3, kila rangi kubwa ni 18. Urefu 90.

Kata nyeusi, nyekundu na kijani kwa upana wa 20, na nyeupe mbili kwa upana wa 5, ili ubaki na sentimita moja ya kushonea kila upande. Urefu kata 96, nne upande wa mlingoti kwa ajili ya kukunjia kamba, mbili upande wa pili kwa pindo. Chukueni tetroni ya sare, satini inang'aa lakini mvua moja ya Vihiga itaimaliza. Loweka nyekundu kwanza na uikaushe kabla ya kukata, la sivyo itatoa rangi kwenye nyeupe. Anzeni kuunganisha katikati kwenda nje: nyeupe mbili kwenye nyekundu, halafu nyeusi juu na kijani chini. Mshono ulazwe upande wa rangi iliyokolea, kamwe usilazwe kwenye nyeupe, utaonekana.

Ngao kateni mbili, moja ya kila upande, zishonwe mgongo kwa mgongo ili anayetazama kutoka nyuma aione sawa na wa mbele. Fungeni kamba ya juu upande wa nyeusi na muitie alama ya kalamu, maana skauti wa asubuhi na mapema ndio wanaoipandisha juu chini.

Mkikwama kwenye ngao niandikieni, nitawachorea patani kwenye karatasi niwatumie kwa matatu ya Kisumu kwenda Mbale.